Kabla hujaongeza tanga, futa ngama kwanza

Karibu kila nahodha anayeniita niangalie mashua yake kabla ya mashindano hapa Lamu anaanza na tanga, eti tuongeze marudufu, kitambaa cha tanga, kiasi gani. Mimi naomba upo, kata ya kufutia ngama, yale maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Juzi nimeingia kwenye chombo kimoja tukafuta ngama zikatoka ndoo 5 za lita 20, yaani kilo 100 na ushee, na bora ingekuwa abiria maana abiria ukimwambia sogea anasogea, maji chombo kikilala tu nayo yanakimbilia upande huo huo wa chini, huku vijana wako wamejipanga juu ya ubao wananing'inia upande wa joshi, unakotoka upepo, kukiinua. Hapo mnashindana na nyinyi wenyewe. Kalfati hiyo, pamba za kuziba nafasi za mbao, irudiwe.

Halafu tumbo la chombo. Subiri bamvua, maji makubwa, kipandishe pwani maji yakijaa, yakitoka kitalala ubavu wenyewe, kwangua ukoga na vile vigamba vyote hadi kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, kisha pitisha kiganja toka omo mpaka tezi, yaani mbele mpaka nyuma. Kiganja kikikwama, na maji yatakwama. Kuna watu wanapaka rangi mpya huko juu tu, picha zinatoka safi, chini ni msitu.

Sasa usukani, hapa ndipo mbio nyingi zinapotea na watu hawajui. Upepo wa wastani kana, mti wa kushikia usukani, inatakiwa uishike kwa vidole. Ukiona nahodha amekaza mkono, chombo kinang'ang'ania kupanda upepo, yaani kugeukia unakotoka, basi usukani umekaa mshazari majini na hiyo ni breki. Kwanza kisimamisheni wima, maana kikilala sana ndio kinazidi kupanda, kikikataa bado rudisha viroba vya mchanga nyuma kidogo, kimoja kimoja, usirundike tezini chombo kikaanza kuburuta maji. Upepo ukiwa mdogo ni kinyume, watu na farumi, hivyo viroba vya uzito, waje mbele kidogo, tezi iinuke.

Na tuambizane ukweli, chombo chenye urefu wa mita 7 majini kikifika kama km 12 kwa saa kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe, hapo tanga kubwa linakilaza tu. Tanga kubwa linasaidia upepo ukiwa dhaifu, siku za kusi kali linakuwa mzigo.

Tanga lenyewe la pamba lirushieni maji, nyuzi zinavimba matundu yanaziba upepo haupenyi. Kubisha, yaani kwenda kwa kugeuzageuza dhidi ya upepo, msibishe ovyo, kila mkigeuza ni kuhamisha foromali, ule mti wa kufungia tanga, upande wa pili wa mlingoti, na mkiiacha pale pale tanga linabanwa na mlingoti umbo linaharibika. Mimi bora niende mbali kidogo nigeuze mara moja.

Yule wa ndoo 5 kanipigia jana usiku. Nikadhani kalfati, kumbe anauliza tena bei ya marudufu.