CK: kifo cha mhusika kisicho na kurudi

Kwenye Grand Theft Auto V ya kawaida, gemu la uhalifu mjini, ukipigwa risasi unaamka nje ya hospitali, mfuko umepungua kidogo, na mambo yanaendelea. Seva za RP (roleplay), yaani za mtandaoni ambako wachezaji huigiza maisha ya wahusika wao, haziendi hivyo. Huko kila mchezaji anabeba mtu mwenye jina, kazi, maadui na madeni, na mtu huyo anaweza kufa kabisa: haamki, jina lake halitumiki tena, nyumba na magari yake yanaondoka naye. Hicho ndicho wachezaji wanachokiita CK, kifupi cha character kill. Ukisikia "amepigwa CK" kwenye maskani ya gemu kule Kisauni au Tudor, Mombasa, ujue kuna mtu anaanza upya kutoka sifuri, pengine baada ya miezi ya kujenga biashara yake ya magendo.

Isichanganywe na kuanguka kwa kawaida. Mara nyingi mhusika akipigwa hulala chini akisubiri ambulensi. Ikichelewa, anaamkia hospitalini, na kwenye seva nyingi kanuni inamtaka asahau kilichompata. Haruhusiwi kutoka pale mbio kumsaka aliyempiga. Kwa ugomvi mwingi wa barabarani, adhabu hiyo inatosha.

Wazo la kufa bila kurudi ni la zamani. Rogue, gemu la mwaka 1980, halikukuruhusu kurudia mchezo uliouhifadhi pindi ulipokufa. Nayo MUD ya kwanza, gemu la maandishi la wachezaji wengi lililoanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw kisha likaendelezwa na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ilimfuta mhusika aliyeuawa vitani. Lakini kwenye Rogue unauawa na kompyuta, na kompyuta haina kinyongo. Kwenye RP ya uhalifu anayekuua ni binadamu mwenzako, na huenda jana mlitukanana kwenye Discord. Kwa hiyo tangu enzi za SA-MP, programu ya mashabiki iliyofungulia San Andreas, gemu la awali la mfululizo wa Grand Theft Auto, mlango wa mtandaoni mwaka 2006, hadi FiveM ya leo, programu inayoendesha seva za Grand Theft Auto V, seva za RP zimekuwa zikiandika kanuni ndefu kuhusu nani anaweza kumuua nani, na kwa sababu gani.

Kipimo changu ni kimoja: je, kifo kimetokana na uamuzi wa mhusika mwenyewe ndani ya hadithi? Tumchukue mhusika wa mfano, tumwite Kasimu. Anauzia genge fulani dawa za kulevya huku akiwapasha polisi habari. Genge linashuku, linamwita, linamwonya. Wiki inayofuata gari lake linachomwa moto. Kasimu haachi. Usiku mmoja anachukuliwa hadi jangwani karibu na Sandy Shores, mji mdogo wa mle kwenye gemu, anasomewa mashtaka yake, anapewa nafasi ya kusema neno, kisha risasi. CK hiyo hata mwenye Kasimu anaweza kuikubali, kwa sababu kila hatua aliiona ikija na mara mbili mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Sasa tuseme Kasimu huyo huyo alimpigia mtu honi kwenye taa za barabarani, akashuka mtu na bunduki. Hapo hapana CK. Hiyo ni RDM (random deathmatch), kuua ovyo bila hadithi, na anayestahili adhabu ni aliyefyatua.

Hata sababu ikiwa nzito, njia iliyotumika inaweza kuharibu kesi nzima. Huku kwetu Mombasa jambo hili lina sura yake. Fikiria saiba ya Mwembe Tayari, kompyuta zimepangwa bega kwa bega. Mmoja anajificha nyuma ya hospitali ya Pillbox ya mle kwenye gemu, mwenzake wa genge pinzani amekaa kiti cha pili. Kugeuza shingo kidogo tu kunatosha kuiona skrini ya jirani. Mhusika wake hakuona kitu, bali mchezaji ndiye aliyeona, na kutumia habari ya namna hiyo ni metagaming. Ni sawa na kumfuatilia mtu kupitia matangazo yake ya moja kwa moja. CK iliyopatikana hivyo inafaa kufutwa, na mhusika arudishwe na mali zake.

Halafu kuna mtandao. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, lakini ukiingia seva iliyoko Ulaya, bado risasi yako ina safari ndefu. Unajiona umeshaingia nyuma ya ukuta, mwenzako wa kule anakuona bado umesimama njiani. Stima nayo ikipotea katikati ya ujambazi wa benki, unahesabiwa umetoroka. Seva ya FiveM huandika sababu ya mchezaji kutoka, na aliyefunga gemu mwenyewe huonekana tofauti na aliyekatika ghafla. Ila anayechomoa waya makusudi naye huonekana kama amekatika. Kwa hiyo msimamizi mwenye busara huangalia mwenendo: anakatika kila mara bunduki zinapotoka, au ndiyo mara ya kwanza? Kumzika mhusika wa mtu kwa kosa la transfoma ya mtaa wao ni uonevu mtupu.

Kwenye seva zenye utaratibu, CK huombwa kwa maandishi, pamoja na video na maelezo ya mgogoro ulivyoanza, na aliyeuawa hupewa nafasi ya kukata rufaa. Shida huja pale msimamizi anayeamua naye ni mwanachama wa genge lililoua. Hapo kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, na video iwe safi namna gani, hakuna atakayeuamini uamuzi huo.

Mimi naona CK inatumika kupita kiasi. Kifungo kirefu, kunyang'anywa leseni, kufukuzwa genge, hata mguu unaochechemea miezi miwili, huzaa hadithi zaidi kuliko kaburi. Mhusika aliyesalitiwa na bado yuko mtaani ni hatari na anapendeza kumtazama. Muuaji pia abebe uzito wake: anayeomba CK ya mwenzake akubali kwamba yeye naye, akikamatwa na kuhukumiwa maisha, anaweza kumpoteza wa kwake.

Baada ya CK, mchezaji huunda mhusika mpya, na huyo hamjui muuaji, hamjui marehemu, hana kisasi. Ugumu ni sauti. Lafudhi ya Mvita haifichiki, na marafiki wa zamani watakutambua ukisema "vipi" tu. Wanapaswa kujifanya wageni. Mali nayo haihamishwi kwa hila: anayehisi kifo kinakuja akagawa mamilioni yake usiku ule kwa rafiki, ili kesho arudishiwe mhusika wake mpya, miamala hiyo hufuatiliwa na kurejeshwa, na rafiki huyo naye huitwa ajieleze.