Una ugonjwa wa tezi ya thairoidi na hedhi imekosekana? Usingoje tumbo lionekane

Tezi hii ni ipi?
Ipo mbele ya shingo. Homoni zake zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na mtu hukonda ingawa anakula vizuri.

Ni kweli dawa zake humdhuru mtoto tumboni?
Baadhi, ndiyo. Kabimazoli na methimazoli, dawa za kupunguza homoni za tezi, zikitumiwa mwanzoni mwa mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na sehemu ya utosi isiyo na ngozi, njia ya pua iliyoziba, au utumbo uliotokeza kitovuni. Wengi huzaliwa salama. Hatari kubwa ni wiki ya 6 hadi ya 10, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Nije kliniki lini?
Wiki ile ile hedhi inapokosekana. Si mwezi wa nne. Akina mama wanatufikia wiki ya 16, kabimazoli mkobani, wakiomba tubadilishe dawa. Wiki hiyo pua na ngozi ya kichwa vimekwisha kuumbika. Ukiweza, njoo hata kabla ya kushika mimba.

Basi nikijua nina mimba niache dawa?
Hapana! Usiache mwenyewe. Tezi isiyotibiwa huharibu mimba, hupandisha presha, huleta mtoto njiti, na moyo wa mama unaweza kushindwa kazi. Daktari anaweza kukupa propilthaiourasili, dawa nyingine ya kupunguza homoni hizo, kwa miezi 3 ya kwanza. Kasoro zake ni chache na nyepesi zaidi. Mara chache huumiza ini, kwa hiyo macho yakiwa ya manjano nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wapo wanaoachishwa dawa kabisa, lakini hao hupimwa damu mara kwa mara. Jirani anayekushauri uache hana vipimo hivyo.

Mimi natumia levothairoksini. Niiache?
Usiiache hata siku moja. Hiyo ni ya tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni kidogo mno; haileti kasoro, na ubongo wa mtoto unaihitaji. Mara nyingi dozi hupandishwa mapema, ndiyo maana nawe uje wiki ile ile. Inaniuma kuona mtu anaitupa kwa sababu tu alisikia "dawa za thairoidi ni mbaya".

Nimepitisha wiki 10 nikimeza kabimazoli. Nifanyeje?
Endelea kumeza, na uje leo. Altrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 huonyesha baadhi ya kasoro. Siku ya kujifungua mwambie mkunga ni dawa gani ulitumia, ili pua na utosi wa mtoto vikaguliwe mara anapozaliwa.