Uzito wa sabuni si ukali wake

Juzi pale soko la Kongowea, Mombasa, mama mmoja aliuinamisha mtungi wangu wa sabuni ya maji, akaiona inavyokimbia, akaurudisha mezani. "Mwanangu, haya ni maji. Mimi nataka ile nzito, yenye nguvu." Maneno hayo yamenichosha, maana kuna watu wanauziwa maji mazito kwa bei ya sabuni.

Kinachosafisha ni safaktanti: ungerol, ile rojo tunayotengenezea sabuni, na asidi ya sulfoniki iliyokwisha kutulizwa kwa soda. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo hujipanga kwenye uso wa maji na kuulegeza. Mvutano wa uso wa maji safi ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Sabuni huushusha hadi 30 hivi, na maji yakapenya kitambaa. Uso ukishajaa, molekuli zilizobaki hukusanyika ndani ya maji, mikia ikielekeana. Hizo ndizo miseli, na mafuta ya sufuria hufungwa humo. Hadi hapa uzito sijautaja, kwa sababu hauhusiki.

Uzito huletwa na chumvi. Vichwa vya ungerol vina chaji hasi, vinasukumana, na miseli hubaki za duara. Ukitia chumvi, sodiamu huutuliza msukumano huo, vichwa husogeleana, na miseli hurefuka kama tambi. Tambi zikisokotana, ndoo nzima huwa nzito, na safaktanti haijaongezeka hata tone! Uzito huo una kilele: ukizidisha chumvi ukakipita, sabuni hulegea tena, na mwisho hufanya ukungu na kutengana. Wengi wakifika hapo huongeza chumvi nyingine. Jamani, acheni. Hapo tia maji matamu kidogo kidogo.

Tena fomula nyingi tunazopewa zimepimwa kwa maji matamu. Sisi kisiwani tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vyetu yana chumvi na kalisi tangu yanapochotwa, kwa hiyo unaanza ukiwa umeshapanda nusu ya mlima. Kilele kiko wapi, siwezi kukokotoa. Natoa kikombe kimoja pembeni, natia chumvi punje kwa punje, na bado masika yakibadilisha kisima huwa nakosea.

Wanaotumia CMC, unga wa kuifanya sabuni iwe nzito, wana shida iliyo kinyume. Hiyo ni polima, mnyororo mrefu wenye chaji, ambao katika maji matamu hujinyoosha na kuyazuia yasitiririke. Katika maji ya chumvi mnyororo hujikunja, uzito ukapungua. Chumvi ile ile inayonenepesha ungerol huidhoofisha CMC, na watu huvichanganya ndoo moja kisha wakamlaumu muuza dawa.

Wala polima haihitaji kuonekana ndiyo ifanye kazi. Mwaka 1948 mwanasayansi B. A. Toms alieleza kwamba polima kidogo mno hupunguza sana msuguano wa kimiminika kinachokwenda kwa msukosuko ndani ya bomba. Zipo polima ambazo sehemu chache katika milioni ya maji zinatosha kuupunguza kwa zaidi ya nusu, na kwa macho maji ni yale yale. Wataalamu bado wanabishana jinsi hasa inavyotokea.

Mama, ukirudi, nitakupa kijiko cha sabuni yangu, na cha ile nzito ukinunue kwa jirani. Kila kimoja kikoroge katika beseni lake la maji. Uzito utapotea humo humo. Kisha leta sufuria ya pilau ya jana, nusu uioshe kwa hii, nusu kwa ile.