Inadaiwa, si "ange-": shahada ya habari na Kifaransa

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika, swali ni lile lile: Kifaransa nakijua, habari naandika, shahada inayounganisha viwili hivyo itaniongezea nini? Jibu langu huanzia kwenye kitenzi kimoja.

Nilipokuwa mgeni kwenye dawati la habari za kimataifa, nililetewa taarifa yenye maneno "le ministre aurait démissionné". Nikaandika: waziri angejiuzulu. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni, kwamba umbo la "aurait" ni la masharti, basi -nge-. Mhariri wa zamu, mama aliyekulia Bujumbura, akaupiga mstari na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "inadaiwa amejiuzulu". Akaniambia, "Mwanangu, hapa hakuna sharti. Hii ni habari ambayo hawajaihakikisha." Msomaji wangu angeelewa kwamba waziri bado yuko ofisini, kuna jambo tu lililomzuia kuondoka. Habari nyingine kabisa.

Kamusi isingeniokoa pale. Nilihitaji kujua desturi ya vyumba vya habari vya Ufaransa.

Mfano ninaoujua vizuri wa masomo haya uko New York University: shahada moja ya uzamili, taasisi mbili. Moja ni ya uandishi wa habari, yenye jina la Arthur L. Carter. Ya pili ni Taasisi ya Taaluma za Kifaransa, iliyoanzishwa mwaka 1978. Kwa huku unatumwa mtaani kutafuta habari. Kwa kule unasoma historia, siasa na jamii ya Ufaransa, pamoja na nchi ilizozitawala. Lugha haifundishwi kuanzia alifu. Mwombaji anatakiwa awe anakimudu Kifaransa tayari.

Faida yake inaonekana kazini. Tarehe 27 Oktoba 2005, vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois, nje kidogo ya Paris, baada ya kuingia kwenye kituo cha umeme wakiwakimbia polisi. Ghasia zikaenea nchini, na tarehe 8 Novemba serikali ikatangaza hali ya hatari. Mwandishi aliyefundwa Marekani angetafuta kwanza takwimu anayoizoea: watu Weusi ni asilimia ngapi hapa? Haipo. Sensa ya Ufaransa haiulizi rangi wala kabila, na sheria ya mwaka 1978 inabana sana ukusanyaji wa taarifa za namna hiyo. Asiyejua atadhani anafichwa. Aliyesoma anajua kwamba sensa hiyo hiyo huuliza mtu alizaliwa wapi na ana uraia gani, na kwamba kuna hesabu za ajira za eneo kwa eneo. Anajua pia kwamba ukimya huo juu ya rangi una mabishano yake marefu, nayo ni habari inayostahili kuandikwa.

Kuna na sheria ya habari ya tarehe 29 Julai 1881, ambayo mpaka leo ndiyo inayoshughulikia kashfa. Kwa kawaida mlalamikaji ana miezi mitatu tu ya kushtaki tangu habari itoke. Usiende kuripoti Paris bila kuijua.

Kwetu hili si jambo la mbali. Goma na Bukavu, mwandishi kutoka Mombasa atahojiana na watu kwa Kiswahili siku nzima, lakini hati rasmi atakazopewa jioni ni za Kifaransa. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ilipoanzisha matangazo ya Kiswahili mwaka 2010, ilianzia Dar es Salaam, na kazi ya kila siku ya idhaa kama hiyo iko kwenye mpaka huo wa lugha mbili.

Ada ya New York ni nzito, sitakudanganya. Kabla hujajaza fomu, chukua ukurasa wa siasa wa gazeti la Ufaransa la Le Monde, pigia mstari kila "aurait" na "serait", kisha uziandike kwa Kiswahili. Nyingine ni masharti kweli, hasa zikiandamana na "si" ya Kifaransa, yaani "kama". Nyingine ni madai. Kuzitenganisha kutakuchukua jioni nzima.