Kwa nini ninaingia darasani na baiskeli

Mwombe fundi akueleze umeme na huenda akaanza na maji kwenye bomba. Tangi likiwa juu, msukumo ni mkubwa: hiyo ndiyo volti. Kiasi kinachopita kila sekunde ndicho mkondo, tunaoupima kwa ampea. Bomba jembamba linabana maji: huo ni ukinzani, tunaoupima kwa omu. Ni mfano mzuri, nami nimeufundisha miaka mingi, maana kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 unaiona kwa macho: ukinzani ukibaki uleule, ukiongeza volti maradufu, ampea nazo zinakuwa maradufu.

Shida huanza mwanafunzi akiuamini mno. Bomba likikatika, maji yanamwagika. Waya ukikatika, mkondo unasimama. Nimekutana na watu wazima wanaoziba soketi tupu wakidhani umeme unavujia humo. Na lugha yetu yenyewe inatuponza: tunasema balbu "inakula umeme", basi mtu anaamini kwamba mkondo unaotoka kwenye balbu ni mdogo kuliko ulioingia. La hasha. Ni uleule.

Hapo ndipo ninapoileta baiskeli na kuipindua, magurudumu juu. Mmoja anazungusha pedali kwa mkono, mwenzake anabana breki ya nyuma kidogo kidogo. Baada ya muda nawaambia waguse. Mpira wa breki una joto, cheni ni baridi. Pete za cheni zilizokwenda nyuma ndizo hizohizo zinazorudi mbele, hakuna hata moja iliyoliwa. Kilichosafiri kutoka mkononi hadi kwenye breki ni nishati, na hiyo ndiyo tunayolipia. Cheni ikikatika popote pale, mkono unazunguka bure.

Cheni inajibu pia swali la kasi, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Chukua waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba moja, upitishe ampea moja. Elektroni zake, yaani chembe ndogo mno zinazobeba mkondo, zinasogea kwa mwendo usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde. Mita moja tu inazichukua zaidi ya saa tatu! Basi taa inawakaje papo hapo? Kwa sababu waya haukuwa mtupu. Umejaa elektroni mwanzo hadi mwisho, kama cheni ilivyojaa pete, na ukisukuma za huku, za kule nazo zinaanza kusogea karibu wakati uleule.

Umeme wa majumbani, unaokwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, nauelezea kwa msumeno: meno yanarudi palepale, ubao unakatika.

Ila cheni haijui kugawanyika. Nikifika kwenye balbu mbili zilizofungwa sambamba, narudi kwenye bomba. Maji yakifika kwenye njia panda hugawana, mengi yakipita penye nafasi zaidi, na yakikutana tena mbele jumla yake ni ileile.