Pikapu kuukuu ya dizeli na trela: tafuta hewa kabla ya mafuta

Kila mwaka upepo wa kaskazi unapokatika na wa kusi kuanza kuvuma, gereji yangu hapa Changamwe, Mombasa, hubadilika sura. Wenye boti wa Mtwapa na Kilifi hutaka kuzipandisha nchi kavu kabla bahari haijachafuka, na kinacholetwa kwangu si boti bali pikapu za kuzivutia: Isuzu TFR za injini ya 4JA1, Hilux za 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ. Zote dizeli, zote bila turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na nyingi mita ya kilomita ilishakufa zamani. Ombi huwa lile lile: "Fundi, niongezee nguvu, trela yanishinda."

Huwa nawajibu pale pale uwanjani, mikono imejaa grisi, na najua nusu ya maneno humezwa na kelele za malori. Leo nayaandika kwa utulivu.

Nianze na kontrakta mmoja aliyeletwa kwangu akivutwa kwa kamba. Alikuwa na TFR ya lita 2.5, na kazi yake ilikuwa kupeleka mikisa ya zege na jenereta kwenye ujenzi huko Kwale. Fundi mwingine alimfungulia skrubu ya mafuta kwenye pampu, ile inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani, kazi ya dakika tano, na gari likawa jepesi ajabu. Alifurahi wiki mbili. Siku moja, kwenye ule mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale, trela nyuma, gia ya nne, mguu umekandamiza mpaka chini, moshi mweusi ukajaa barabara nzima. Ghafla ukageuka mweupe, injini ikagonga mara mbili tatu, ikazima. Nilipoinua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nilikuta pistoni ya tatu imetoboka ukingoni, imechirizika kama nta ya mshumaa.

Ili kuelewa kilichomuua yule pistoni, lazima ujue kwamba dizeli hula tofauti na petroli. Dizeli ya zamani huvuta hewa ile ile kila inapopumua, ukanyage usikanyage. Pedali inaongeza na kupunguza mafuta tu. Gramu moja ya dizeli inahitaji karibu gramu 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini kwa kuwa mafuta na hewa havichanganyiki sawasawa ndani ya silinda, moshi huanza mapema, hewa ikishuka chini ya gramu 18 hivi. Kwa hiyo moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa. Yanaungua kwa kuchelewa, pistoni ikiwa inashuka na valvu ya ekzosti ikianza kufunguka, na joto lake halisukumi gari bali linabaki kupika chuma. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye digrii 660. Ile ya pistoni, iliyochanganywa na madini mengine, huanza kulegea kabla ya hapo. Ukiwa kwenye tambarare unakanyaga sekunde kumi ukaachia, joto linapata nafasi ya kutoka. Mlimani na trela unakanyaga dakika tano mfululizo.

Kontrakta aliniuliza, kwani nguvu niliyoitaka ilikuwa nyingi kiasi hicho? Nikachukua chaki nikamwandikia sakafuni. Pikapu, mzigo wake na trela, tuseme tani 3.5. Mlima, tuseme unapanda mita moja kwa kila mita 15. Kuupanda kwa kilomita 40 kwa saa, magurudumu yanahitaji kama hospawa (nguvu za farasi) 42. 4JA1 ilitoka kiwandani na karibu 80, na zikishapita giaboksi na difu zinafika chini kama 68. Kwa hiyo inatosha, bila kuongeza chochote. Lakini ukitaka kuupanda mlima huo huo kwa kilomita 70 kwa saa, hesabu yavuka 85, na hizo gari halijawahi kuwa nazo hata lilipokuwa jipya. Tena injini yake haikuwa na zile 80 za kiwandani. Kwa uchakavu niliouona, sidhani ilibaki na 55.

Hapo ndipo ninapoanzia mimi siku zote: kurudisha zilizopotea. Kazi hii haina sifa wala haipigwi picha, lakini kwenye pikapu ya miaka ishirini ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Kabla sijashika spana, namwambia kijana wangu akanyage pedali mpaka mwisho huku mimi natazama mkono wa pampu kama unagusa skrubu ya kikomo. Mara nyingi haugusi. Kebo imelegea, au kuna kapeti nene chini ya pedali, na mwenyewe amekuwa akiendesha robo tatu ya injini yake kwa miaka. Kisha filta ya hewa, hasa kwa wanaopita barabara za machimbo, na filta ya mafuta pamoja na kile kikombe cha kutega maji chini yake. Baada ya hapo nafasi za valvu, ambazo kwa 4JA1 ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi, za kuingiza na za kutoa vile vile. Halafu kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa: silinda isiyochakaa ya injini hizi husoma juu ya bar 25, na ninachokitazama zaidi ni silinda moja kuachana na wenzake. Nozeli, zinazorusha mafuta ndani ya silinda, huzipeleka kwenye mashine ya kupimia. Inayotakiwa ni ile inayotoa ukungu, inayodondosha matone irekebishwe au itupwe. Taimingi ya pampu, yaani wakati inaporusha mafuta, naiweka kwa geji ya saa, si kwa sikio.

Kisha kuna mambo ya pwani yetu. Chumvi ya hewani hula sailensa kutoka ndani, vibati vyake vinaanguka na kuziba njia, na injini inabanwa pumzi bila kelele yoyote ya kukushtua. Chumvi hiyo hiyo hukwamisha breki. Inua kila gurudumu, lizungushe kwa mkono. Nimekuta TFR iliyokuwa ikivuta boti huku breki mbili za nyuma zimeshika. Na tairi: 225/70R15 ina kimo cha milimita 696 hivi. Ukiweka zile za 31x10.5 kwa sababu zinapendeza, umeongeza kimo kwa zaidi ya asilimia kumi, na ni kama umenyang'anywa sehemu ya kila gia uliyo nayo.

Mafuta yenyewe nayo yana lake. Pampu za mzunguko za aina ya VE, kama ile ya 4JA1, hazina oili ya kwao. Zinalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwa nyepesi, haina ute, na pampu husagika. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei yake isiwavutie wachanganyaji, na hali imekuwa nzuri zaidi, lakini pampu zilizoumizwa siku zile bado naziona mezani kwangu. Pampu iliyochoka ndani hairudishwi na skrubu.

Gari la kontrakta nilipolimaliza hapo, na pistoni mpya, lilipanda Kombani bila moshi. Wengi wangeweza kuishia hapo wakaweka pesa mfukoni. Yeye alitaka zaidi, kwa sababu mikisa ilikuwa inaongezeka, tukaingia kwenye turbo.

Turbo ndiyo njia ya haki, kwa sababu inaleta hewa kwanza. Lakini fahamu inachofanya. Hewa yetu ya mwezi wa tatu, digrii 32, ukiibana kwa nusu bar, yaani nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida, inatoka kwenye turbo ikiwa karibu digrii 90. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo ingawa umeongeza shinikizo kwa asilimia 50, hewa yenyewe imeongezeka kwa kama robo tu. Ipitishe kwenye intakula, kipoza hewa cha turbo, irudi mpaka digrii 50, na ongezeko linafika karibu asilimia 40, tena pistoni inapata hewa iliyopoa. Kwa joto la Mombasa mimi sifungi turbo bila intakula kwenye gari la kuvuta trela. Mteja akikataa gharama yake, namwomba asubiri mpaka aipate.

Nusu bar ndiyo kikomo changu kwa injini iliyotoka kiwandani bila turbo. Injini iliyozaliwa nayo mara nyingi huwa na pistoni imara zaidi na vibomba vya kurusha oili chini ya pistoni kuipooza. Hizi za 3L, 5L na 1HZ, ambazo mafuta yake huanza kuungua kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, hujaza joto kwenye hedi kuliko 4JA1 inayochoma moja kwa moja juu ya pistoni. Anayejua 2L-T, injini za Toyota za zamani zenye turbo, anakumbuka hedi ngapi zilipasuka. Kuna wanaoamua kubadilisha injini nzima, waweke 4JB1 ya lita 2.8 yenye turbo yake, na mara nyingi naona ni uamuzi wa busara. Ila nambari ya injini ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye logbook, usije ukakwama siku ya kuuza.

Katika kufunga, palipo na hatari ni bomba la oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando wa oili tu. Oili inayoingia iwe safi na yenye presha. Inayotoka ishuke kwa bomba nene, wima, na iingie kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Ukilipinda bomba hilo, oili inarudi nyuma na kupenya kwenye ekzosti, na utalaumu turbo isiyo na kosa. Na ukimaliza mlima, uiache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Wanaopanda mpaka Nairobi wanafaidi mara mbili. Kule juu karibu moja ya tano ya shinikizo la hewa huwa limepotea, na injini isiyo na turbo hulisikia kuanzia Voi kwenda mbele.

Sasa ndipo tunafika kwenye skrubu ya mafuta, na siigusi kabla geji ya joto la ekzosti haijafungwa. Kichunguzi chake kikae kwenye manifodi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye hedi, kabla ya turbo. Ukikiweka baada ya turbo kinakudanganya kwa digrii mia na zaidi wakati wa mzigo. Nageuza moja ya nane ya mzunguko, nakaza nati, natoka na trela yenye mzigo halisi, narudi, nageuza tena ikibidi. Digrii 650 kwa mlima mrefu, 700 kwa muda mfupi tu. Ikipita hapo dereva apunguze mguu na ashushe gia, maana mizunguko ikipanda hewa inaongezeka na mafuta ya kila pigo yanapungua.

Kila hospawa unayoongeza, redieta inapata sehemu yake ya joto. Hapa nawasihi sana wenzangu wa pwani: msijaze maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hiyo hula hedi na redieta kutoka ndani kama vile bahari inavyozila kutoka nje. Weka kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini. Wala usikubali thamostati, valvu inayofunguka maji yakipata moto, itolewe eti gari lipoe. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita redieta kabisa, na gari litachemka mlimani, penye mzigo.

Klachi itakayobeba nguvu mpya iwe nzima. Gia ya tano iache unapovuta. Beringi za trela ya boti, inayozamishwa baharini ikiwa moto, zisafishwe na kutiwa grisi mpya kila msimu.

Gari la kontrakta lilitoka kwangu na turbo, intakula na geji. Siku ya kwanza ya kazi alinipigia simu akiwa juu Kwale, sauti imechangamka: gia ya tatu, digrii 610, nyuma hakuna moshi. Nilimuuliza swali moja tu, trela yako ina breki zake? Akanyamaza. Nikamwambia mzigo aushushe wote huko huko, arudi mtupu, ateremke kwa gia ile ile aliyopandia, na kesho ailete trela nayo.