Ndama hafichishi maziwa, jamani

Nimeambiwa tena, na mtu anayejiamini kabisa, eti mtoe ndama mapema nyati asizoee kuficha maziwa. Nimechoka. Nyati wa maziwa (yule wa kufugwa, sio wa porini) sio ng'ombe mweusi!

Ng'ombe, kabla hajashusha, kama asilimia 20 ya maziwa yapo tayari chini karibu na chuchu. Nyati ni kama asilimia 5 tu, yaliyobaki yote yako juu kwenye vifuko, na hayashuki mpaka oksitosini, homoni ya kushusha maziwa, itoke. Kwahiyo ukimfunga mashine kavukavu utavuta hewa na kumuumiza, akiogopa ndo anabana zaidi, halafu unasema anaficha. Ndama akinyonya kidogo dakika moja mbili homoni inatoka yenyewe. Wengine wanakimbilia sindano ya oksitosini kila kukamua, hapo naomba nisiongee nisije nikatukana.

Sasa kuwa na ndama sio lazima ndama anyonye siku nzima, na hapa ndo watu wananichosha. Akinyonya muda wote, mama anachelewa kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume, maana kunyonyesha kunakandamiza homoni za kupevusha yai. Anyonye kabla ya kukamua, amalizie baadae, basi. Ila ujue maziwa ya mwisho ndo yenye mafuta mengi, kwahiyo ndama akimalizia mafuta yatasoma chini kwenye kipimo na utaanza kulaumu majani bure. Na ukitaka kuwatenganisha kabisa inawezekana pia, hasa mtamba wa uzazi wa kwanza, atazoea kushusha kwa kuoshwa kiwele, pumba na mkono uleule, ila ianze tangu amezaa, sio mwezi wa tatu unashtuka tu.

Na dume je, wanayesema anapunguza maziwa? Hapunguzi kwa kuwa jirani. Joto la nyati ni la kimyakimya, mara nyingi usiku, na dume analigundua wewe ukiwa umelala. Inasemwa harufu yake inawaamsha majike mapema baada ya kuzaa, nami naona wanaokaa karibu na dume wanashika mimba haraka, ila kusema ukweli siwezi kuapa kama ni harufu au ni vile tu hakosi joto tunalolikosa sisi. Mashamba yenye dume mara nyingi yanalisha vizuri pia, utatenganishaje hapo?

Hutaki atie mimba, tumia aliyekatwa mirija ya mbegu. Na dume wa kuazima mpime brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, kwanza.